Safu ya Maelezo

Neno zebaki lina "baki" tumboni mwake,
lakini yenyewe haibaki.
Ukiipasha joto imeshaondoka,
imepanda bomba la moshi mita themanini
bila rangi, bila harufu, bila kwaheri,
na ziwa la Huron liko pale chini, limeachama.

Ndiyo maana nimeajiriwa.

Kazi yangu kwa Kiswahili ina jina zuri kuliko mshahara wake:
kutunza kumbukumbu.
Nikisema hivyo kwenye simu
mama hudhani nakaa na vikongwe wa Michigan
nikiwasikiliza wakisimulia vita.
Hapana, mama. Ninakumbuka kwa niaba ya tanuri.
Limetema tani ngapi za klinka Jumanne,
makaa yametoka mgodi upi,
mirija miwili ya kioo, A na B, mapacha wenye mkaa kifuani,
imevuta pumzi ya bomba kwa muda gani,
na maabara ilikuta nini ilipoipasua.

Sheria inataka ratili hamsini na tano, zisizidi,
kwa kila tani milioni,
wastani wa siku thelathini, unaotembea
kama jongoo: akiinua mguu wa mbele
wa nyuma kabisa unasahaulika.
Karatasi haisahau. Miaka mitano,
miwili ya kwanza hapahapa kiwandani, kabati la tatu,
funguo anazo Merle Wojtkowiak,
ambaye babake alipakia saruji kwa koleo
na hakuna popote palipoandikwa alivuta nini.

Usiku wa tarehe tisa Februari
baridi iliganda ndani ya mpira wa sampuli
na kipimo kikanyamaza.
Tanuri halikunyamaza.
Asubuhi meneja, Bwana Fenner, akasimama mlangoni pangu
na kahawa yake, akitazama dirisha:
"Jana na juzi zilifanana sana, au siyo?"
Hakusema zaidi.
Theluji ilikuwa ikianguka juu ya theluji,
nyeupe ikifuta nyeupe.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Mwalimu wa hesabu aliliandika ubaoni, kule Makongolosi,
kabla sijajua kuwa moshi nao ni mali,
mali ya kila mwenye pua.

Ambilikile, mdogo wangu, hana kabati.
Ana kikaango.
Hukanda zebaki na mchanga wa Chunya,
huchoma tonge lake linalong'aa nyuma ya jiko,
dhahabu hubaki,
na ile nyingine anaiita moshi tu.
Mwaka huu kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili
na hata hivyo sahani inapokea nusu.
Nani ana jedwali lake?
Nimemwomba anitumie tarehe. Akacheka:
"Kaka, tarehe za nini, ni kila siku."

Nikajaza fomu.
Kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi.
Kipimo: hakikufanya kazi. Tanuri: lilifanya kazi.
Kiasi kilichotoka: hakijulikani.
Sababu: barafu.
Hatua: mpira umefungwa mkanda wa joto.
Safu ya maelezo ina upana wa vidole vitatu.
Niliikodolea macho hadi kalamu ikakauka.

Bwana Fenner alitia saini bila kuketi.
Juu ya saini kuna maneno yaliyochapwa, kwamba
haya ni kweli kwa kadiri ajuavyo,
na mkono wake ulisita pale kidogo,
au ni mimi niliyetaka usite.

Machi barafu ya ziwa itapasuka.
Merle atashuka na ndoano zake.
Kwenye kibao cha idara ya afya kuna samaki aliyechorwa
na idadi ya milo kwa mwezi.
Atasoma, atahesabu kwa vidole, atamrudisha mmoja majini.
Samaki huyo hajui amebeba miaka mingapi.
Kabati la tatu linajua mitano.